Swali Lililoulizwa Mbele ya Mama Mkwe

Hospitalini kwetu tulimwita Mama Miduara, na mwenyewe aliitika. Kazi yake ilikuwa kuketi na wanawake wa kliniki ya mimba hatarishi na kuwachorea ukoo wao: mwanamke duara, mwanamume mraba, aliyefariki anakatwa mstari. Kwa nusu saa karatasi ilijaa mabibi, mabinamu na watoto waliokufa wachanga, kisha akamweleza mama pole pole kinachoweza kumpata mtoto aliye tumboni na nini kifanyike mapema. Alikuwa na maneno kama redio, lakini siri ya mtu haikumtoka hata kwa bahati mbaya. Maabara yangu ilipakana na chumba chake, ukuta ni wa mbao, na kwa miaka tisa sikumsikia akimkaripia mgonjwa hata mmoja. Madaktari aliwakaripia kila siku.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Kabla hajashika kalamu alitoa watu wote nje: mume, dada, shangazi, hata mama mzazi. Bwana mmoja mwenye cheo chake aliwahi kugoma, akasema mke ni wake na mimba ni yake. "Basi mzee, panda kitandani nikupime," Mama Miduara akamwambia. Bwana akatoka mwenyewe. Mlango ukishafungwa, wanawake walisema pale mambo ambayo hawajawahi kuyasema popote.

Siku ninayoisimulia aliingia binti wa miaka ishirini na minne, mimba ya miezi minne. Damu yake nilikuwa nimeipima mimi: yeye kundi hasi, mumewe chanya. Nyuma yake akaingia mama mkwe wake, na shida ikaanzia hapo, kwa sababu mama mkwe huyo alikuwa matroni mstaafu. Ndiye aliyemfundisha Mama Miduara kuzalisha, akimshikilia viganja juu ya kichwa cha mtoto hadi vikaacha kutetemeka. Ndiye aliyempa chumba nyumbani kwake mwaka ule alipokosa pa kulala.

"Mwanangu, mwandiko wako bado kama kuku kachakura?" matroni alitania, akajivutia kiti. "Mimi si mgeni hapa. Endelea na kazi yako."

Mama Miduara aliniambia baadaye kwamba alifungua kinywa mara tatu, na mara tatu akakifunga. Uso umeumbwa na haya. Utamwambiaje aliyekufundisha kazi kwamba atoke ili ufanye kazi? Najua wengi wangeshindwa, pengine hata mimi. Lakini mimi sikuwa mshauri. Mshauri alikuwa yeye.

Akauliza swali lake la siku zote: "Umewahi kushika mimba kabla ya hii? Hata iliyotoka yenyewe?"

Kwa mwanamke mwenye damu hasi, hilo si swali la umbea. Mimba ya kwanza ikitoka au mtoto akizaliwa, na mama asipigwe sindano ya kinga, mwili wake unaweza kujifunza kuipiga vita damu ya mtoto. Mimba inayofuata ndiyo inayolipia.

Binti akainamia vidole vyake.

"Ya kwanza hiyo," matroni akajibu huku akicheka. "Tulimchukua kwao hajaguswa."

Binti akaitikia kwa kichwa.

Mama Miduara aliona vile vidole. Hajawahi kunificha hilo: aliona, akaelewa, akaandika "mimba ya kwanza." Alijiambia atamwita tena peke yake wiki inayofuata. Wiki inayofuata foleni ilifika hadi getini, na ile iliyofuata alikwenda semina. Binti akasahaulika katikati ya miduara mingine.

Nami nina fungu langu. Karatasi iliponifikia na maneno hayo, sikumpima kingamwili za vita hiyo. Dawa za kipimo hicho zilikuwa za kubana, tukawawekea waliowahi kubeba mimba. Nilifuata maandishi. Tangu hapo kila nikisikia mtu anasema alifuata maandishi, nakereka.

Mimba ilipofika wiki ya thelathini na moja, binti alirudi akishika tumbo. Mtoto alikuwa hachezi. Picha ikaonyesha amevimba, maji yamemjaa kifuani na tumboni, na damu yake imepungua mno. Wakati wanamwandaa kwa upasuaji ndipo binti alipomwambia daktari, kwa sauti ndogo, kwamba akiwa na miaka kumi na tisa mimba ya miezi mitatu ilimtoka nyumbani kwa shangazi yake, na hakuna aliyempeleka hospitali. Mtoto alitolewa, wa kiume, akaongezewa damu mara mbili. Aliishi siku moja na nusu.

Jumatatu tukakaa kikao cha kujadili kifo hicho. Daktari mkuu alisoma faili, akalifunga. "Mgonjwa alificha historia," akasema. "Wazee walishasema, mficha uchi hazai." Watu wakaguna kwa huruma, wengine wakatazama saa. Nilimkanyaga Mama Miduara mguu chini ya meza. Akauvuta mguu wake, akanyamaza. Nami nilinyamaza, msinione shujaa.

Alinifuata maabara, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba. "Nimemkosea mtoto," akasema, "na sasa nimekaa kimya mama yake akisingiziwa. Daktari kasema alificha. Nani alimfichisha? Mimi!" Nilimwambia dhamira yake haikuwa mbaya. Akaniambia nisimfariji kijinga. Alikuwa na haki ya kunikaripia.

Kesho yake alipanda wodini. Binti alikuwa amelala akielekea ukutani, maziwa yamelowesha khanga kifuani, na hakuna wa kuyanyonya.

"Dada," binti akasema bila kugeuka, "ni huu mdomo wangu. Ningesema, mwanangu angekuwepo."

Mama Miduara akapiga moyo konde. "Hapana, mdogo wangu. Kosa si lako. Mimi nilitakiwa kumtoa mama nje kwanza, halafu ndiyo nikuulize. Nilimwonea haya. Niliona unaogopa, nikaandika hivyo hivyo."

 Binti akageuka, akamtazama usoni.

"Najua ulitakiwa kumtoa," akasema. "Jirani yangu alipita kwako na mimba yake ya pili. Aliniambia, nenda kwa yule, hata waziri anamtoa nje, utasema lako lote. Kule karibu na kwetu kuna kliniki, nikaiacha. Nilikuja kwako kwa ajili hiyo. Nilikaa pale kwenye kiti nakusubiri umtoe. Uliponiuliza akiwa bado amekaa, nikajua basi."

 Mama Miduara aliniambia baadaye kwamba kama binti yule angemtukana ingekuwa nafuu.

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, matroni akaingia na chupa ya chai na khanga safi begani, tayari anavuta kiti. Binti akarudi kuutazama ukuta.

"Mama," Mama Miduara akasema, "naomba utupishe kidogo. Nataka kuzungumza na mgonjwa peke yake."

Matroni alimtazama, akatazama mgongo wa mkwewe. "Haya, mwanangu," akasema. Akaweka chupa mezani, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake na kwenda kukaa kwenye benchi la korido.

Hakuuliza kwa nini, wala hakukasirika. Haikuchukua hata dakika.