Kigoda Nilichokizidishia Umri

Baba yangu alikuwa fundi wa vigoda pale Mgori. Alichonga kigoda cha miguu mitatu kutoka kwenye gogo moja, bila msumari wala gundi, na kijiji kizima kilimjua kwa kazi hiyo. Mimi binti yake wa mjini, mwenye simu nzuri na maneno mengi, ndiye niliyemnyang'anya sifa yake.

Nilikuwa kwenye kundi la simu la mnada wa vitu vya kale. Jumamosi unaweka picha, watu wa Dar na Arusha wanapandishiana bei mpaka mmoja anashinda. Kigoda kipya hakikupata hata wa kukisifia. Basi nikatundika viwili juu ya moto wa jikoni wiki tatu, nikavipaka samli na majivu, nikaandika kwamba vilichongwa na babu yake baba, miaka mia iliyopita. Wakavigombania.

Mwanzoni baba alicheka. "Kumbe mimi nina miaka mia!" Tukaezeka nyumba yake upya, nikajiona mtoto mwema kuliko wote.

Vigoda vya kuuza vilipokwisha, nikapiga picha kigoda chake mwenyewe, alichokuwa akikikalia kila siku. Alikuwa amekichonga kabla sijaolewa. Aliyeshinda, mtu mzima mwenye adabu, akaomba kwanza azungumze na mzee. Nilimsihi baba aseme kama nilivyoandika. Alinitazama kidogo, akapokea simu.

"Shikamoo mzee. Kigoda hiki alikichonga nani?"

"Marahaba. Alikichonga babu yangu."

"Basi huyo alikuwa fundi kweli."

"Ndiyo," baba akasema. "Alikuwa fundi."

Akanirudishia simu. "Babu yangu alikuwa mchunga ng'ombe, mwanangu. Hata tezo hakujua kuishika." Kisha akaenda kufungua mbuzi. Niliona aibu, na bado naiona. Lakini kigoda nilikifunga, nikakipeleka stendi.

Mwaka uliofuata baba alifariki. Katika ukoo wetu, matanga yakianuliwa, mrithi hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu mbele ya watu. Wazee wakaniuliza mimi kiko wapi, maana mimi ndiye niliyekuwa naingia na kutoka mle ndani. Nikatoka nje nikamwandikia yule mnunuzi ukweli wote: kigoda ni cha baba, alikichonga yeye, amefariki, nakiomba, nitarudisha hela na nauli juu.

Alijibu upesi, kwa upole wake uleule. Alinipa pole, kama ni kweli nimefiwa. Ila alisema anawajua wauzaji wa mtandaoni, wakishapata mteja wa bei kubwa zaidi hawakosi hadithi. Yeye aliongea na mzee mwenyewe, na mzee yule hakuwa mtu wa kusema uongo.

Nilirudi ndani. Kaka yangu alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, cha kukodi.