Romana wa Bandia

Uchafu mwingine sabuni inautoa. Huu wa Cecilia mpaka leo unaninukia.

Romana alikuwa fundi cherehani pale Kashaulili, na mgonjwa wa salamu za redio. Mwaka 1994 jina lake lilijulikana Mpanda nzima. Kila wiki alijaza kadi, akazituma kwa posta mpaka Dar, akasubiri mtangazaji azisome: Romana wa Mpanda anawasalimu fulani na fulani. Nakala aliziandika kwenye daftari, maana watu wa salamu ndivyo walivyo. Cecilia alishona naye baraza moja. Mimi nilipiga pasi pembeni yao.

Mwaka huo Masele, kijana wa wafugaji wa Kisukuma, akaleta barua ya posa. Romana alikuwa na miaka ishirini na tisa; barua ile aliilalia chini ya mto. Wiki ya pili tukasikia redioni: Romana wa Mpanda anamsalimu mpenzi wake Yunusi fundi baiskeli, bila kumsahau Cecilia wa Kashaulili. Yunusi ana mke na watoto watano! Wiki iliyofuata akatajwa mpenzi mwingine, naye mume wa mtu.

Romana akaandika barua kukana. Mtangazaji akasema hewani kwamba amepokea barua za Romana wawili, kila mmoja akimwita mwenzake wa bandia, na hajui amwamini yupi. Watu walicheka. Mimi nikaizima redio.

Mzee Malale, baba yake Masele, akaja pale barazani kuchukua barua yake ya posa. Romana akamfungulia daftari.

"Hili si umeandika mwenyewe, binti yangu?" mzee akauliza.

"Basi kumbuka redio, baba. Zile kadi chafu zote ziliishia kumsalimu nani?"

Mzee akafikiri. "Cecilia."

"Mtafute humu."

Akafunua kurasa za miaka minne. Hayumo. Nani atume kadi mpaka Dar kumsalimu mtu anayekaa naye baraza moja? Lakini mwizi wa jina alishindwa kujinyima raha ya kusikia la kwake. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Cecilia hakukana, wala hakuacha kukanyaga cherehani. "Miaka minne unasalimia Mpanda yote," akamwambia Romana. "Mimi hata siku moja."

Kwa hilo tu! Nilitema mate mbele yake, na sijutii.

Mzee Malale alimwamini Romana, na barua akaondoka nayo. "Mimi nimeona daftari, binti yangu," alisema. "Ukoo wangu umesikia redio."

Tangu siku ile Romana hakutuma kadi tena. Mwezi uliofuata redio ikasoma moja: Romana wa Mpanda anawasalimu wote wanaomfahamu, bila kumsahau Cecilia wa Kashaulili. Mtangazaji akasema amefurahi kwamba sasa amebaki Romana mmoja tu, yule wa kweli.