Winga Ameachwa, Dereva Je?

Alhamisi saa kumi na moja jioni, tukinywa chai mkahawani mtaa wa Kandara, Jeddah, simu zilileta habari: timu yetu ya hapa imemwacha winga wa kigeni nje ya kikosi, kwa kuwa nafasi za wachezaji wageni zimejaa. Mkenya aliyeketi kando yangu aliweka kikombe chini.

“Wametukata!”

“Kwani wewe ulikuwa unacheza namba ngapi?” jirani yake akamuuliza.

“Mimi ndiye dereva wake! Sasa halas, basi, kafili aliyenidhamini kazini atanirudisha kwa ajenti Riyadh. Na Riyadh mimi sirudi!”

“Si ungemfundisha kupiga krosi mkiwa njiani?”

Simu ya dereva ikalia; alikuwa winga. Alisimama, akafunga kifungo cha shati.

“Ndiyo, bosi. Umepata timu Riyadh? Twende wote? Bosi, Riyadh ni kama nyumbani!”

Sisi mashabiki tulibishana wiki nzima kuhusu mguu wa kushoto wa yule winga. Dereva alikuwa akiuombea.

Nilicheka, kisha nikamkumbuka marehemu mke wangu, aliyekwenda safari ya mwisho peke yake, bila wa kumwambia twende wote. Ee Mungu, mpokee kikosini mwako, na asiachwe kamwe. Amina.