Mawe Aliyoyachemsha Baba Yako

Mwanangu Salma, zima hiyo gesi kwanza, uje uketi hapa. Hayo mawe yaache ndani ya katoni yake. Sikukatazi kufuga samaki wa maji ya chumvi. Siku mliyolipandisha tangi lako ngazi hizi za Donholm nilifurahi kuliko wewe. Lakini uliponiomba sufuria kubwa ili uchemshe mawe ya kuweka ndani yake, nilikukatalia. Ulidhani ni uchoyo wa sufuria. Sivyo. Kuna siku moja ambayo mimi na baba yako hatujawahi kukuhadithia, nami naona imefika zamu yake. Akirudi kutoka msikitini muulize, hatakataa.

Nilikuwa na umri kama wako huu, na ndoa yetu ilikuwa bado mbichi. Mimi, kama ujuavyo, ni mtoto wa Kakamega niliyesilimu kabla ya kuolewa, na jamaa wa baba yako pale Majengo walikuwa bado wananitazama kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nikichapa hati katika ofisi ya wakili karibu na mahakama ya Makadara. Baba yako alikuwa fundi wa friji, na karakana yake ilikuwa mtaa wa Baba Dogo. Bibi yako mzaa baba, Bi Rukia, alikuja kukaa nasi kwa sababu ya magoti yaliyokuwa yakimsumbua wakati wa baridi. Nilimwogopa, lakini nilimpenda kwa sauti yake. Bi Rukia alipoanza kasida kwenye maulidi, hata wapishi waliacha miiko yao wakaja mlangoni kusikiliza.

Baba yako naye alikuwa na wazimu huu huu wako. Tangi alilitengeneza kwa mikono yake, pampu akazipata, likabaki suala la mawe. Unajua mwenyewe kwamba tangi la maji ya chumvi bila mawe ya matumbawe ni ndoo ya maji tu, maana ndani ya vile vitundu ndimo wanamoishi wadudu wasioonekana wanaosafisha maji. Akampata mtu mmoja aliyekuwa anahama nchi na ameuacha ufugaji wake wa samaki. Mawe yake yalikuwa yamekaa miezi ndani ya gunia nyuma ya nyumba. Yalikuwa meupe, mepesi, makavu kama biskuti. Baba yako alirudi nayo anacheka peke yake.

Nilipokuwa namsaidia kuyatoa guniani, niliona upande wa jiwe moja umejaa vidude vilivyokauka, vimepangana kama vifungo vya shati. Nikamuuliza ni nini.

"Uchafu wa zamani," akasema. "Nitayachemsha, kila kitu kitakufa."

Sikuwa na sababu ya kumbishia. Nani angedhani jiwe lililokauka lina neno?

Kesho yake nilikuwa nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani. Asubuhi nilimpikia Bi Rukia samaki wa kupaka kwa ajili ya chakula cha mchana, nikafunika, nikaenda kazini. Ilikuwa ile baridi ya Julai, madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya magoti yake. Baba yako hakwenda karakana siku hiyo. Aliyatia mawe ndani ya sufuria ya pilau, akasimama juu yake akikoroga, kisha akashuka kwenda kutafuta mpira wa maji dukani. Moto akauacha. Bi Rukia alikuwa sebuleni, na kati yake na jiko palikuwa na pazia tu.

Niliporudi alasiri na kufungua mlango, kitu cha kwanza kilikuwa harufu, kama ya ufuo maji yakishakupwa. Vioo vya madirisha vilikuwa vinatiririka jasho. Bi Rukia alikuwa chini, ameegemea kochi, anatetemeka mwili mzima, macho mekundu, anahema kama mtu aliyekimbizwa.

"Nipe maji, mwanangu," akasema. "Mdomo wangu una uchungu."

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu kabla ya siku ile. Nilikimbilia jikoni. Sufuria ilikuwa bado inatokota. Nikafunua kifuniko nione ni nini, mvuke ukanipiga usoni. Nikazima gesi, nikafungua dirisha, nikarudi kwa mama mkwe. Baba yako akaingia na mpira wake begani, naye anakohoa. Jirani mwenye gari akatupeleka hospitali. Njiani nilianza kusikia ladha ya chuma ulimini, kama mtu anayenyonya sarafu. Sikuijali. Niliona tu jinsi midomo ya mama ilivyokuwa inabadilika rangi.

Shangazi yako Zuhura alitukuta hospitalini. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana. Baada ya kumwekea mama hewa ya oksijeni, alitoka akauliza mgonjwa amekula nini.

"Samaki," akasema Zuhura. "Alipikiwa na huyu."

Kisha akanigeukia, na hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele. "Tulikuachia mama yetu," akaniambia. "Ulimtilia nini?"

Nilimtazama baba yako. Alikuwa ameegemea ukuta, anatazama viatu vyake. Nikangoja aseme neno, lolote, hata aseme tu kwamba mimi si mtu wa hivyo. Hakusema. Watu waliokuwa kwenye benchi walikuwa wananitazama. Nilijiona nimekuwa mgeni tena, msichana wa Kakamega aliyeingizwa nyumbani kwa watu akaua. Nimeona mengi katika umri huu, lakini sijui kama kuna kitu kilichonishtua kama ule ukimya.

Ni ile ladha ya chuma iliyoniokoa. Ilikuwa bado mdomoni, na ndipo nikatambua maana yake.

"Daktari," nikasema, "mimi nimefunga leo. Sikula samaki, wala maji sijayagusa. Na mdomo wangu una uchungu kama wa mama. Mume wangu anakohoa, mtazame."

Daktari akanitazama, akamtazama baba yako. "Mlikuwa na nini ndani ya nyumba?"

Baba yako akajibu pole pole, macho bado chini. "Nilikuwa nachemsha mawe."

"Mawe?"

Akaeleza yote: tangi, gunia, vile vifungo. Daktari alituambia tusiondoke, akaenda kupiga simu. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine. Alituambia kwamba vile vidude ni viumbe wa baharini, na baadhi yao hubeba sumu kali mno. Kukauka hakuimalizi, wala moto hauiui. Ukiyachemsha mawe yenye viumbe hao, sumu inapanda na mvuke na watu wanaivuta. Akasema haina dawa yake maalumu, kinachowezekana ni kumsaidia mgonjwa apumue na kumchunga. Sisi sote tukalazwa. Zuhura alikaa kwenye benchi, mkono mdomoni, asiweze kunitazama.

Asubuhi baba yako alikuja kitandani kwangu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilianza kushuku tukiwa ndani ya gari."

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa nisije nikawa nimemuua mama." Akalia. Baba yako huyu unayemjua, ambaye hata kwenye mazishi hatoi chozi.

Kumsamehe sikuweza palepale. Ilichukua muda, na sitakudanganya kwamba ulikuwa mfupi.

Bi Rukia alipona, lakini kifua chake hakikurudi kama zamani. Siku aliporudi nyumbani, kabla hata hajavua buibui, aliniambia anatamani samaki wa kupaka, nimpikie kama siku ile. Nikampikia. Nilipoandaa alimwita Zuhura, akatia tonge la kwanza mdomoni yeye mwenyewe, akatafuna, akasema, "Nawa mikono, Zuhura, ule chakula cha dada yako." Zuhura akala. Hakuna aliyeongeza neno, na hakuna aliyewahi kunitilia shaka tena katika ukoo ule.

Kasida alijaribu mara moja tu, kwenye maulidi ya mwaka uliofuata. Ubeti wa kwanza haukufika mwisho, kikohozi kikamkata. Akampa mwingine nafasi, akatabasamu, akawa anapiga makofi tu. Ndiyo sababu wewe uliyelelewa mapajani mwake hukuwahi kumsikia akiimba.

Sasa nisikilize. Jiwe la tangi ulijue asili yake. Lililochimbwa nchi kavu, pale palipokuwa bahari zamani za kale, ndilo la kutafuta. Liwe jepesi, lenye matundu mengi, lisilo na michirizi ya kutu. La kutoka kwenye tangi la mtu, ikiwa hujui kilichoota juu yake, liache hata ukipewa bure. Kuchemsha usichemshe kamwe, wala usilioke kwenye oveni. Lipeleke juu ya paa penye upepo, uvae glavu na miwani ya kukinga macho, ulisugue likiwa ndani ya maji. Loweka, mwaga, loweka tena. Ukitumia klorini ya kufulia, suuza sana, kisha anika juani mpaka harufu iishe. Klorini na siki, ambayo wengine huisafishia mawe, usizikutanishe kabisa, zikichanganyika zinatoa hewa inayochoma mapafu. Halafu yaweke mawe kwenye pipa la maji ya chumvi yenye pampu, gizani, uwe na subira. Yatachukua majuma, pengine miezi. Pima amonia, ile sumu inayotokana na uozo majini, mpaka usiione tena, ndipo ufikirie samaki. Hivyo ndivyo baba yako alivyofanya mara ya pili, kwa mawe mengine, na tangi lile lilidumu mpaka ulipozaliwa.

Lakini zaidi ya mawe, nakuusia hili. Ukikosea, sema mapema, sema yote, na usimwache mtu mwingine abebe lawama yako hata kwa dakika moja. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Na ukimwona mtu anashutumiwa, uliza kwanza, hata kama mshtaki ni ndugu yako wa damu.

Mwenyezi Mungu akulinde na madhara unayoyaona na usiyoyaona. Akupe mikono yenye hadhari na ulimi usioogopa kweli. Ndani ya nyumba yako pasikose mtu wa kukutetea, nawe usikose kumtetea mwenzako. Amin, mwanangu.