Mbeyu na Barua Isiyopambwa

Mbeyu wa Diani hakujua kusoma, lakini neno halikumpita bila kulikagua. Ndivyo alivyokuwa tangu usichana wake.

Mwaka wa pili wa Uhuru, mwenye nyumba mmoja wa ufukweni aliziba kwa seng'enge njia ambayo wanawake walishukia mwambani kuchokoa pweza maji yakitoka. Njia hiyo mamake Mbeyu aliikuta, na bibi yake pia. Sasa walizunguka mbali, na walipofika maji yalikuwa yameshajaa. Wakarudi na vikapu vitupu.

Basi wakamtuma Mbeyu Ukunda, kwa Kibwana mwandishi wa barua, aliyeweka taipu yake barazani kwa fundi cherehani. Kibwana alikuwa na daftari alilonakili kutoka kitabu kikuukuu cha Kiingereza: tashbihi kurasa za mbele, chuku kurasa za nyuma. Hakuna barua iliyotoka kwake bila kupitishwa humo, hata ya kuomba mbegu.

Kibwana alimwamkia Mbeyu shikamoo, akamsikiliza, akapiga taipu mpaka jasho likamtoka. Kisha akamsogezea wino atie kidole gumba.

"Nisomee kwanza," Mbeyu akasema. "Kwa Kiswahili."

Hapo, wenzangu, ndipo mambo yalipoharibika. Kibwana alianza kwa majivuno, lakini kila mstari sauti ilipungua. Wanawake wa Diani ni mavumbi chini ya viatu vya Bwana Disii, mkuu wa wilaya kule Kwale. Wanalia mito ya machozi. Ni kondoo waliopotea gizani, naye ndiye jua lao. Njia yenyewe ilitajwa mara moja tu, karibu na mwisho. Kisha: ni sisi watumwa wako, tunaobusu nyayo zako.

Mbeyu alikuwa ameshachovya kidole. Akakipangusa polepole kwa pindo la leso.

"Nani mtumwa?"

"Ni pambo tu, mama. Chuku. Kiingereza hakinogi bila chuku, na wakubwa ndivyo walivyozoea."

"Bibi mzaa mama alikuwa mtumwa, Kibwana. Mtumwa wa kununuliwa. Kovu lake la mguuni nimelipaka mafuta kwa mikono hii. Halikuwa pambo."

Fundi cherehani akaacha kukanyaga mashine.

Mbeyu akaendelea, hakupaza sauti. Akamkumbusha kwamba bendera ilipopandishwa walisimama wote wawili juani, wima, na kwamba hakuja Ukunda kulazwa chini tena na mtu ambaye yeye alimjua tangu akiwa mtoto wa kutambaa. Kibwana akajitetea kuwa barua kavu itatupwa kapuni.

"Itupwe ikiwa na ukweli. Andika: wanawake arobaini na mmoja. Njia ina upana wa mikono miwili. Imezibwa tangu wiki ya kwanza ya mfungo. Watoto wanakula ugali kwa chumvi. Basi. Na hiyo mito ya machozi uifute, maji ya chumvi tunayo ya kututosha."

Kibwana akaandika, amenuna kama aliyeamrishwa kutoka nje bila kanzu. Mistari sita. Mbeyu akatia kidole.

Baada ya mwezi afisa mmoja alikuja kutoka Kwale, barua mkononi, akapima njia kwa mikono yake. Wiki hiyohiyo seng'enge ikakatwa.

Jumatatu Mbeyu alikuwa barazani tena, kikapu kichwani, mkono una mkwaruzo mpya.

"Wamefungua pa kupita mtu, kikapu hakipiti," akasema. "Toa karatasi. Na usinipambe."

Kibwana akalisukuma daftari lake chini ya meza, akauliza upana wa kikapu.