Boma Nililoliruka Sosiot

Mwanangu, hadi leo sijaisahau Jumatano moja ya mvua kule Sosiot. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa juzi tu katika ofisi ya mifugo, na watu walikuwa na hofu ya homa ya ndege. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka boma kwa boma, kuwakagua kuku, kuwapangusa koo kwa pamba na kupeleka sampuli maabara.

Boma la mwisho lilikuwa ng'ambo ya mto, kwa mjane tuliyemwita Kogo Rael. Kogo kwetu Wakipsigis ni nyanya. Njia ilikuwa matope matupu. Nikajikinga kwenye kibanda cha kupimia majani chai, nikajaza fomu: kuku sita, wazima. Sikuwa nimemwona hata mmoja.

Kesho yake asubuhi Kogo akaingia ofisini, gambuti zake zimejaa matope.

"Kuku wangu wanakufa," akamwambia mkubwa wangu. "Majirani wote walitembelewa jana. Kwangu hakuna aliyefika."

Mkubwa akaitazama fomu, kisha akanitazama.

"Sikufika, mzee," nikasema. "Niliandika tu."

Nilijua kazi imeisha. Lakini Kogo akainua mkono. "Usimfukuze. Ukimfukuza, nani atakuja kwangu leo?"

Mkubwa akakubali, nasi tukaenda kwa miguu, mimi na Kogo. Hakunitukana hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Tulipovuka mto tu ndipo akasema, "Mimi naishi peke yangu, lakini kuku wangu wanachakura pamoja na wa jirani. Ukiniruka mimi, umewaruka wote."

Tulikuta wanne wamekufa. Majibu ya maabara yalipokuja, haikuwa homa ya ndege, ni kideri, ugonjwa mwingine unaoua kuku haraka. Kuku wa majirani wakachanjwa mapema, wengi wakanusurika. Nami nikaagizwa kurudia maboma yote, mlango kwa mlango.

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na kwa kila mwaka wa kazi hiyo namshukuru yule mama.

Sasa nawe umeanza kazi yetu. Andika ulichokiona kwa macho yako. Mvua ikikuzuia, sema imekuzuia. Ukikosea, kiri kabla hujaulizwa mara ya pili. Na mtu akija kukudai kazi yako, usimwone adui.

Mungu akulinde njiani, mwanangu. Akupe miguu isiyochagua milango, na watu watakaokukemea bila kukutupa.