Siku Niliachilia Mkono wa Bwana Harusi

Aibu hii afadhali niiseme mwenyewe, maana hapa Kiwanjani inasimuliwa vibaya, ati nilikataa kumwoza Halima wangu mbele ya sheikh.

Asubuhi ya harusi nilianguka kwa boma la mbuzi (nikaamka uso uko kwa mavi, mniwie radhi), nikasema ni kisunzi tu, nikajipangusa nikanyamaza, kwa sababu hiyo harusi tulishaiahirisha kwa ukame, tena kwa matanga, na wazee wa bwana harusi, watu wa Gotu, walikuwa wamechoka na sisi.

Basi tukaketi kwa mkeka. Nikamshika bwana harusi mkono kama ilivyo desturi, huyu Adan, ambaye ni daktari lakini siku hiyo alikuwa bwana harusi tu kama wengine. Nikaanza, "Nimekuozesha binti yangu..." na kwangu mimi hakuna kitu kilitokea, nilipepesa macho tu. Kumbe nilinyamaza, macho juu, mkono ukalegea ukaanguka, watu wanangoja. Niliporudi uso ulikuwa unawaka, wazee wa Gotu wamesimama, nikadhani tumemaliza wanakuja kunipongeza. Nikacheka, nikasema alhamdulillahi.

Mzee Jirma, ami yake Adan, akaokota fimbo. "Mtu anautupa mkono wa kijana wetu halafu anacheka? Twendeni."

Upande wa wanawake nikasikia Halima analia. Nikaanza kuapa kwamba sijakataa, na kadiri nilivyoapa ndivyo nyumba ilivyozunguka. Adan peke yake hakusimama. Alikuwa amenishika tena, vidole kwa mshipa.

"Ami, keti. Mzee hajakataa, moyo wake ulisimama. Baba, ni mara ya kwanza leo?"

"Ya pili," nikasema. "Ya kwanza waliona mbuzi."

Mzee Jirma akaweka fimbo chini.

Nikapelekwa hospitali na gari la harusi, maua yote juu yake. Wakanibandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka, Adan akanionyesha: vilima vidogo vinafuatana vizuri, virefu ni vichache na havijali vidogo. Vyumba vya juu vya moyo vinaita, akasema, lakini njia ya umeme ya kwenda chini imefungwa, kwa hivyo vya chini vinajipigia polepole, saa nyingine vinasimama. Hiyo nilielewa hata bila shule: mchungaji wa mbele anapiga mluzi, mifugo ya nyuma haisikii, inatembea inavyotaka. Akasema lazima niende hospitali kubwa sasa hivi niwekwe mashine ya kuupigia moyo mluzi, maana njiani moyo unaweza kusimama usirudi.

Nikasema siendi kabla sijamaliza maneno yangu.

"Mleteni sheikh," akasema Mzee Jirma.

Nikahi ikaisha hapo kitandani, kifua wazi, nyaya kila mahali, Jirma amenishika kiwiko mkono usianguke, na watu wote wanaangalia mashine, si mimi. Nilitamka kwa pumzi moja. Adan akajibu, "Nimekubali," macho kwa mashine.

Sasa nina kidude chini ya ngozi, na nimeapa kisunzi kikinijia nitasema palepale, hata kama sheikh anaomba dua. Lakini Mzee Jirma, tukisalimiana, mkono wangu hauachilii haraka. Anasema anangoja aone kama nimekataa.